Je, Wajua? Walifungwa, Wakaomba Wino

JE, WAJUA kwamba jina “Quaker” lilianza kama kejeli ya hakimu? Mwaka 1650, mjini Derby, Uingereza, kijana aliyewahi kufunzwa ushonaji wa viatu, George Fox, alifikishwa mbele ya mahakimu kwa shtaka la kukufuru. Akawaambia watetemeke kwa neno la Bwana. Hakimu Gervase Bennet akamgeuzia kibao: kumbe ninyi ndio watetemekaji! Jina likaganda. Wenyewe walijiita Marafiki, na hilo ndilo jina walilonalo waumini wao magharibi mwa Kenya hadi leo, ingawa kibao cha kanisa aghalabu hubeba yote mawili.

WAJUA makosa yao yalikuwa yapi? Orodha inachekesha mpaka uione bei yake. Hawakumvulia mtu kofia, awe bwana shamba au mfalme. Hawakuapa mahakamani, kwa kuwa Injili ya Mathayo imesema msiape kabisa. Hawakulipa fungu la kumi kwa kanisa la serikali. Hawakuwa na kasisi wa kulipwa. Walikaa kimya pamoja mpaka Roho amsukume mmoja wao kusema, mwanamume au mwanamke. Tena walimwita kila mtu “wewe” ile ya mtu mmoja, wakati Kiingereza cha enzi hizo kilikuwa na namna moja ya kumwita mkubwa na nyingine ya kumwita mtoto au mtumishi. Mfikirie kijana anayeingia ukweni kofia kichwani, asiamkie shikamoo, halafu amwite baba mkwe kwa jina lake. Ndivyo Marafiki walivyosikika masikioni mwa mahakimu.

WAJUA kwamba walikataa hata majina ya siku na miezi? Waliona Januari na Machi ni majina ya miungu ya Warumi, na siku za wiki za Kiingereza zimebeba miungu ya kale ya kaskazini. Wakahesabu tu: Siku ya Kwanza, Siku ya Pili, Mwezi wa Tatu. Mswahili hana shida hiyo. Wiki yake imekuwa ikihesabiwa tangu zamani. Ila tusikubaliane haraka: Siku ya Kwanza ya Marafiki ni ile ambayo sisi jina lake lenyewe latuambia ni ya pili, Jumapili. Na onyo kwa wanaopenda nyaraka za kale: Uingereza ya wakati ule ilianza kuhesabu mwaka mwezi Machi, hivyo ukikuta barua ya Marafiki yenye “Mwezi wa Kumi na Moja 1660”, soma Januari 1661. Wengi wameteleza hapo.

JE, WAJUA silaha yao kubwa ilikuwa kalamu? Hapa ndipo safu hii inapotaka kukaa kidogo. Madhehebu mengi yaliteswa katika karne ya 17. Marafiki waliteswa na kuweka hesabu. Kila mkutano wa mahali ulitakiwa kuandika nani kakamatwa, siku gani, kwa amri ya hakimu gani, kapelekwa gereza lipi, na mali gani imechukuliwa. Ng’ombe aliyeswagwa kwa ajili ya fungu la kumi aliandikwa pamoja na thamani yake. Sufuria iliandikwa. Kitanda kiliandikwa. Karatasi hizo zilisafiri hadi London, zikanakiliwa upya katika majalada makubwa yanayoitwa Kitabu Kikuu cha Mateso. Majalada yalifika 44, na yanatunzwa katika maktaba ya Marafiki jijini London.

Katikati ya miaka ya 1670 waliunda hata kamati ya kushughulikia taarifa hizo, wakaipa jina lisilo na kificho: Mkutano wa Mateso. Kazi yake ilikuwa kwenda kwa wabunge na kwa mfalme, takwimu mkononi. Waziri akisema “hayo ni maneno ya mtaani”, anaonyeshwa jina, tarehe na mji. Leo tungewaita watetezi wa haki za binadamu wenye ofisi na makabati ya mafaili.

Mwaka 1753, Joseph Besse aliyachambua majalada hayo akatoa vitabu viwili vizito, vilivyopangwa wilaya kwa wilaya na nchi kwa nchi. Si kitabu cha kusoma kitandani. Ukurasa baada ya ukurasa ni faini, kifungo, mjeledi, ng’ombe. Ukichoka kusoma, kumbuka walioishi humo.

WAJUA James Parnell alikuwa na umri gani alipofia gerezani? Kumi na tisa. Alifungwa katika ngome ya Colchester, akawekwa ndani ya tundu ukutani, juu sana kutoka ardhini. Ili apate chakula ilimbidi ateremke kwa ngazi isiyofika, kisha amalizie kwa kamba. Siku moja mikono ilishindwa, akaanguka juu ya mawe. Akafa mwaka 1656. Wakubwa wakasema kijana kajiua kwa kufunga chakula. Marafiki wakajibu haraka kwa kijitabu kilichochapishwa mwaka huo huo, kikieleza upande wao wa kifo hicho.

Ndani ya kijitabu hicho hicho kuna maelezo mafupi ya msichana mtumishi, Dorothy Waugh, aliyehubiri sokoni Carlisle. Meya alimvisha kichwani hatamu ya chuma, ile iliyotengenezwa kwa wanawake walioitwa wenye midomo mirefu: chuma usoni, na kipande kingine cha chuma ndani ya kinywa. Walimfunga ulimi kwa chuma, naye akaja kueleza mwenyewe, kwa kipimo na kwa utaratibu, jinsi chuma kile kilivyokaa mdomoni mwake.

WAJUA kwamba Bunge la Uingereza lilitumia siku nyingi mwaka 1656 kumjadili mtu mmoja aliyepanda farasi? James Nayler, mhubiri hodari kuliko karibu wote wa kizazi cha kwanza, aliingia Bristol mwezi Oktoba juu ya farasi huku wafuasi wakimwimbia kama Yesu anavyoingia Yerusalemu. Alisema ni ishara. Bunge likasema ni kufuru. Alipigwa mijeledi zaidi ya 300, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto na kuchomwa herufi B kwenye paji la uso, ya neno la Kiingereza la mkufuru. Fox mwenyewe hakufurahishwa na maonyesho yale, na baada ya hapo Marafiki wakawa waangalifu mno na nani anasema nini kwa niaba yao. Kuanzia mwaka 1673 walikuwa na kikao cha wazee London cha kupitia miswada kabla haijapelekwa kwa mchapaji. Naam, watu waliodai uhuru wa dhamiri walikuwa na wahakiki wao wa ndani. Maisha hayanyooki.

JE, WAJUA mfungwa anaweza kupata mbadala? Mwaka 1656 Fox alitupwa katika gereza la Launceston, kwenye shimo lililoitwa Doomsdale, ambamo uchafu wa miaka ulifunika viatu. Rafiki mmoja akaenda kwa Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wakati huo, kuomba afungwe yeye, Fox atoke. Cromwell alikataa, sheria haikuruhusu, ila inasimuliwa aliwageukia washauri wake akawauliza ni nani kati yao angefanya hivyo kwa ajili yake. Hawakuwa na jibu. Mwaka 1659 Marafiki 164 walilirudia ombi hilo kwa maandishi mbele ya Bunge: tupokeeni sisi, mwili kwa mwili, muwatoe ndugu zetu wanaofia ndani.

WAJUA mwaka huo huo Bunge lilipokea karatasi zenye majina ya wanawake zaidi ya 7,000 wakipinga fungu la kumi? Mke wa mkulima, mjane, binti wa kazi. Wote kwa majina.

SASA twende Boston, na hapa pumzi ishikwe. Julai 1656 ilitia nanga meli iliyobeba wanawake wawili, Mary Fisher na Ann Austin. Hata sheria ya kuwakataza haikuwapo bado. Vitabu vyao yapata 100 vilichomwa sokoni na mnyongaji, wenyewe wakavuliwa nguo na kukaguliwa kama wana alama za uchawi, dirisha la chumba chao likapigwa mbao ili wasizungumze na mtu. Mzee mmoja wa mji, Nicholas Upshall, alimlipa askari jela shilingi tano kwa wiki ili wasife njaa. Baada ya wiki kama tano wakafukuzwa. Waliokuwa wakiwafanyia haya, kumbuka, ni Wapuritani: watu waliovuka Atlantiki wakikimbia kuteswa kwa ajili ya dini.

WAJUA bei ya kumkaribisha mgeni? Kwa sheria ya Massachusetts ya mwaka 1657, aliyemhifadhi Quaker nyumbani alitozwa faini ya shilingi 40 kwa kila saa. Kwa saa! Mwanamume Quaker akirudi baada ya kufukuzwa alikatwa sikio moja. Akirudi tena, la pili. Mara ya tatu, chuma cha moto ulimini. Vijana watatu, Christopher Holder, John Copeland na John Rous, walikatwa sikio la kulia mwaka 1658, chumba cha ndani, mbali na macho ya watu. Mwaka uliofuata habari hiyo ilikuwa tayari inasomwa London ndani ya kitabu.

Sikio halikutosha, wakaleta kamba. Oktoba 1659 William Robinson na Marmaduke Stephenson walinyongwa. Mary Dyer alipandishwa pamoja nao, mikono imefungwa, kitanzi shingoni, halafu dakika ya mwisho akasomewa msamaha uliopangwa tangu mapema ili kumtisha. Hakutishika. Alikuwa ameshaiandikia Mahakama Kuu ya koloni barua akiwaambia waifute sheria yao. Akafukuzwa, akarudi, akanyongwa tarehe 1 Juni 1660. William Leddra alifuata Machi 1661. Tangu mwaka 1959 sanamu ya Mary Dyer imekaa mbele ya jengo la serikali ya Massachusetts, imetulia, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye ibada ya kimya.

JE, WAJUA aliyepeleka Boston amri ya mfalme? Habari za kunyongwa kwa Leddra zilipofika London, Rafiki Edward Burrough alienda moja kwa moja kwa Mfalme Charles II, akamwambia damu isiyo na hatia imeanza kumwagika katika himaya yake. Mfalme akakubali kuandika. Nani atapeleka? Burrough akampendekeza Samuel Shattuck, mkazi wa Salem aliyefukuzwa na Massachusetts kwa tishio la kifo. Marafiki wakakodi meli kwa pauni 300. Shattuck akaingia mbele ya Gavana John Endecott akiwa na kofia. Gavana akaamuru ivuliwe, ikavuliwa. Kisha akauona muhuri wa mfalme. Akaagiza Shattuck arudishiwe kofia yake, naye gavana akavua ya kwake. Mwandishi wa tamthilia asingethubutu kubuni hilo. Mijeledi iliendelea Massachusetts kwa miaka, ila mti wa kunyongea Marafiki haukutumika tena.

WAJUA Mary Fisher aliishia wapi baada ya Boston? Kwa Sultani wa Uthmaniya. Msichana wa kazi kutoka Yorkshire alisafiri mwaka 1658, sehemu kubwa kwa miguu, hadi kambi ya Mehmed IV karibu na Edirne, akasema ana ujumbe kutoka kwa Mungu. Sultani akampokea kama anavyopokewa balozi, akamsikiliza hadi mwisho, akampa nafasi ya kuuliza na kuulizwa, akataka kumpa walinzi wa njia. Mary akashukuru, akasema hahitaji, akarudi alivyokuja. Baadaye aliandika kwamba Waturuki wako karibu na ukweli kuliko mataifa mengi. Linganisha: Boston ya Wakristo wenzake ilimvua nguo, Sultani wa Kiislamu alimpa kiti na sikio. Ulinganisho huo haukuwapita wasomaji wa London.

George Fox naye aliwaandikia watawala wa Dola ya Uthmaniya na Algiers, mwaka 1680. Na kwa mabaharia Marafiki waliotekwa na kufanywa watumwa huko Algiers, ambao mabwana zao waliwaacha wakutane kwa ibada, alipeleka barua iliyobeba uchungu na mzaha kwa pamoja: nadhani ninyi mna uhuru wa kukutana kutuzidi sisi wa Uingereza.

WAJUA kwamba kitabu kikuu cha imani ya Marafiki kiliwahi kumnukuu mwanafalsafa Mwislamu? Robert Barclay, Mskoti, alichapisha Apologia yake kwa Kilatini, Amsterdam, mwaka 1676, kisha kwa Kiingereza mwaka 1678. Hoja 15, akili kali, na kiini kimoja: kila mtu, popote, amepewa Nuru ndani yake. Kwa ushahidi akamtaja Hayy ibn Yaqzan, yule mtoto wa kisa cha Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyelelewa na paa kisiwani bila mwalimu wala kitabu akamfikia Mungu kwa kutafakari. Rafiki mwenzake, George Keith, alikuwa amekwisha kukitafsiri kisa hicho kwa Kiingereza mwaka 1674. Matoleo ya baadaye ya Apologia yalikifuta kifungu hicho. Wajukuu walikuwa waoga kuliko babu.

JE, WAJUA kuna wanawake wawili waliokuwa safarini kwenda Alexandria wakaishia mikononi mwa Mahakama ya Kanisa, kule Malta? Katharine Evans na Sarah Chevers, wake za watu na mama za watoto, walikamatwa kisiwani wakakaa zaidi ya miaka mitatu. Chumba kilikuwa na joto na kimefungwa kiasi kwamba walilala sakafuni midomo kwenye upenyo wa mlango wapate hewa. Walitenganishwa. Walinyang’anywa wino. Waliandika hata hivyo, barua kwa waume, barua kwa watoto, na mabishano yao na makasisi neno kwa neno, na karatasi zikachapishwa London mwaka 1662, mwaka waliotoka. Wanahistoria wa Malta wanaotaka kujua gereza lile lilikuwaje ndani, mpaka leo hupita kwa hao wawili.

WAJUA sheria ya Uingereza ya mwaka 1662 iliwahesabu Marafiki kwa vidole? Watano au zaidi wenye umri wa miaka 16 kwenda juu wakikutana kwa ibada yao: faini hadi pauni 5, kisha hadi pauni 10, na mara ya tatu kusafirishwa ng’ambo. Sheria nyingine, ya mwaka 1670, iliwapa watoa habari theluthi moja ya faini. Biashara ya umbea ikanoga. Mtu akimwona jirani kakaa kimya na wenzake, anaona pesa.

Watoto wa Bristol walizisoma sheria hizo vizuri. Mwaka 1682, wazazi wote wakiwa korokoroni, watoto chini ya umri huo wa miaka 16 waliendelea kukutana kila wiki na kukaa kimya kama walivyoona wakubwa wakifanya. Walipigwa fimbo. Wiki iliyofuata walikuwa pale pale.

WAJUA ujanja wa kiapo? Hakimu asipokuwa na ushahidi, alimwekea Rafiki Biblia mbele aape utii kwa mfalme, akijua hataapa. Akikataa, mali yake yote yaweza kuchukuliwa na kifungo hakina mwisho. Ndivyo alivyonaswa Margaret Fell wa Swarthmoor Hall mwaka 1664, mama wa nyumba iliyokuwa makao ya harakati yote. Miaka minne ndani. Akiwa katika ngome ya Lancaster aliandika kijitabu cha kutetea haki ya wanawake kuhubiri, kikatoka mwaka 1666. Hoja yake mojawapo ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi: habari ya ufufuo ilipelekwa kwanza na wanawake, na mitume wanaume ndio waliokuwa wakisubiri kuambiwa. Nimekaa vikao vya kanisa ambavyo bado vinatafuta jibu. Kuhusu kiapo, sheria ililegea mwaka 1696, Marafiki wakaruhusiwa kuthibitisha bila kuapa.

JE, WAJUA mahakama iliwahi kumvisha mshtakiwa kofia ili imtoze faini kwa kuivaa? Septemba 1670, Old Bailey, London. William Penn, mwana wa amirali, umri 25, na William Mead walishtakiwa kwa kuhubiri barabarani Gracechurch Street baada ya askari kufunga nyumba yao ya ibada. Waliingia vichwa wazi. Wakavishwa kofia kwa amri ya mahakama, kisha wakaulizwa kwa nini hawazivui, kisha faini.

Baraza la watu 12 likakataa kuwatia hatiani: wamesema barabarani, basi, hilo si kosa. Likafungiwa siku mbili usiku na mchana bila chakula, maji, moto wala chombo cha kujisaidia. Likarudi na jibu lile lile, hawana hatia. Likatozwa faini. Edward Bushel na wenzake watatu wakagoma kulipa, wakaenda jela, wakaomba mahakama ipime uhalali wa kifungo chao, na Jaji Mkuu John Vaughan akaamua kwamba baraza haliadhibiwi kwa uamuzi wake. Kanuni hiyo haijatikisika tangu siku hiyo. Penn, kama ilivyo ada yao, aliichapisha kesi nzima kama mchezo wa kuigiza, anayesema na anayejibu, ikauzwa kama maandazi ya moto. Alikuwa na uzoefu: kitabu chake mashuhuri kuhusu msalaba na taji alikiandika mwaka mmoja kabla, akiwa mfungwa katika Mnara wa London. Mwaka 1681 mfalme alimlipa deni la marehemu baba yake, pauni 16,000, kwa ardhi ya Marekani. Ndiyo Pennsylvania.

WAJUA John Bunyan alitoka jela kwa msamaha waliouhangaikia Marafiki? Bunyan, mwandishi wa kile kitabu mashuhuri cha safari ya Mkristo kwenda mji wa mbinguni, aliwashambulia Marafiki kwa maandishi mwaka 1656, naye Burrough akamjibu bila huruma. Mwaka 1672 Rafiki George Whitehead alipofuatilia hati ya msamaha wa mfalme kwa wafungwa wa Quaker, wafungwa wa madhehebu mengine wakaomba majina yao yatiwe humo. Wakatiwa. Majina 491 kwenye hati moja, la Bunyan likiwemo. Burrough hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefia gereza la Newgate mwaka 1663, hajafika miaka 30.

Thomas Ellwood, aliyemsomea vitabu John Milton kipofu, ndiye aliyeuhariri Wasifu wa Fox uliotoka mwaka 1694, miaka mitatu baada ya mwenyewe kufa. Sehemu kubwa Fox aliitamka kwa mdomo akiwa chini ya kifungo Worcester, mkwe wa Margaret Fell akiandika.

NA WAJUA, hili tusilifiche, kwamba walioteswa nao walikuwa na watumwa? Marafiki wa Barbados walimiliki watu. Penn alimiliki watu. Mwaka 1671 Fox alipokuwa Barbados aliwahimiza mabwana wawatendee watumwa kwa upole na kuwafundisha dini, kisha akamwandikia gavana kumhakikishia kwamba Marafiki hawafundishi uasi. Mimi husoma barua hiyo kwa huzuni. Mkono ule ule ulioandika kutoka Doomsdale.

Mwaka 1688 wahamiaji wanne wa Germantown, Pennsylvania, Francis Daniel Pastorius na wenzake, waliandika ukurasa uliosema kilichopaswa kusemwa. Tulipokuwa baharini, wakasema, tuliogopa kila tanga tukidhani ni Waturuki wanaokuja kututia utumwani. Sasa sisi tunatofautianaje nao? Karatasi ikapandishwa kutoka kikao hadi kikao, kila kimoja kikisema suala ni zito mno, mpaka ikalala. Ilifufuliwa mwaka 1844. Kati ya hapo, mwaka 1776, Marafiki wa Philadelphia walimpiga marufuku muumini yeyote kumiliki mtumwa.

WAJUA walifika pwani yetu? Mwaka 1897, ule ambao hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba, Marafiki wa Uingereza walianzisha kituo Banani, Pemba, kwa ajili ya waliokombolewa, chini ya Theodore Burtt. Miaka mitano baadaye, 1902, Marafiki wa Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni Kaimosi. Mwaka 1934 Chilson akaenda kuanza Kibimba, Burundi. Leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuishinda Kenya: zaidi ya laki moja.

Kwa hiyo, msomaji wa Vihiga, Bungoma, Kakamega au Gitega: kama juu ya kabati la bibi kuna daftari kuukuu la kumbukumbu za mkutano, lenye majina na tarehe na sadaka ya kuku mmoja, tafadhali lisiwashie jiko. Lipelekeni mahali pakavu.